Kirikuu Yenye Sauti ya Fuso

Wanawake wa Mandawa walijua Ramadhan anarudi kabla hata vumbi lake halijaonekana. Fuso lake lilikuwa na sauti yake. Likiwa kwenye tambarare liliunguruma kama malori mengine, lakini likianza kupanda kilima cha kuingilia kijijini lilitoa mluzi mrefu, mwembamba, uliopanda nalo mpaka kileleni, kisha ukakatika. Mluzi ukianza, Swaumu alibandika sufuria ya maji ya ugali. Ukikatika, maji yalikuwa yameanza kutokota. Lori likisimama chini ya mikorosho pale konani, chini ya nyumba yake, mwiko ulikuwa tayari mkononi. Miaka yote hiyo hakukosea. Majirani nao walizoea: wanasikia mluzi, wanaona moshi jikoni kwa Swaumu, wanaambiana baba Moza amerudi.

Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo, kama ni ya kuitwa elimu. Alizaliwa Nanganga, na shule aliiona kwa nje tu, kwa sababu mama yake alikuwa anazaa mfululizo na lazima awepo mtu wa kubeba watoto mgongoni. Alipotoka unyagoni hakukaa sana, akaolewa na Ramadhan, ambaye wakati huo hakuwa na gari wala baiskeli. Alikuwa na panga. Wakafyeka pori, wakapanda mikorosho. Shamba la chini walipanda wote wawili. Shamba la juu alipanda Swaumu peke yake, akiwa na mimba ya Moza, huku Ramadhan akiwa utingo kwenye malori ya watu, anakuja na kuondoka kama mgeni. Kila shimo la shamba lile alilichimba yeye, na kiangazi kilipokuwa kikali alipanda na ndoo kichwani kumwagilia miche, mmoja mmoja, tumbo likiwa limetangulia mbele.

Mikorosho ikakomaa. Ukaja msimu wa bei nzuri, ukaja na mwingine, likanunuliwa Fuso la mtumba. Kadi ya gari iliandikwa jina la Ramadhan. Swaumu hakuuliza, na hata angeuliza wangemsomea walichotaka. Alifurahi. Alikuwa bado mjinga wa kufurahia kitu kwa sababu mumewe amekifurahia. Lori lililotoka mgongoni mwake ndilo lililompeleka Ramadhan Nachingwea, na huko Nachingwea ndiko alikokuwa Sofia, msichana wa kusuka nywele karibu na stendi. Sofia akaolewa mke wa pili, akajengewa nyumba ya tofali za kuchoma. Swaumu akabaki Mandawa na mikorosho, na mluzi ukawa unasikika mara moja kwa mwezi, baadaye msimu kwa msimu, wakati wa kuja kubeba magunia. Hata hivyo ukisikika, alibandika sufuria. Mikono ilikuwa imezoea.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa hazijakatika, Ramadhan alikuja na neno jipya. Alitaka shamba la juu livunwe na kaka yake Sofia, eti kijana hana shughuli. Swaumu akakataa. Hakupiga kelele, alikataa tu, kwa sauti ile ile anayokatalia mtu chumvi. Ramadhan hakuwa amezoea kukataliwa na mtu huyu. Akamwita dada yake, Zuleha, anayekaa nyumba ya pili kutoka pale, akawaita na wazee wawili, akasimama mlangoni akasema amempa Swaumu talaka moja.

Wazee wa pande zote walikaa, wakamaliza haraka kwa kuwa Ramadhan alikuwa na haraka. Lori na shamba la chini vyake. Nyumba na shamba la juu vya Swaumu, kwa kuwa kila mtu Mandawa anajua nani aliyepanda kule. Ila hayo yote yangeanza kufanya kazi eda ikiisha. Shehe Harithi, imamu wa msikiti, alimweleza Swaumu bila kuzunguka: ndani ya eda mume ana haki ya kumrejea mkewe, akimrejea yeye ni mke kama zamani, na mali inarudi ilikokuwa. Eda ikiisha hajarejewa, amekuwa mtu huru na shamba lake.

"Kwa hiyo nikae nisubiri asije," Swaumu alisema.

"Ukae tu, bibie," Shehe alisema. "Mengine mwachie Mungu."

Akakaa. Damu yake ilikuwa imeshakoma, kwa hiyo eda yake ilikuwa ya kuangalia miezi angani. Hakwenda gulioni, hakwenda ngomani. Aliyemletea habari za dunia alikuwa Leah, mke wa mfugaji mmoja aitwaye Shilinde. Walikuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, wakajenga upande wa Narung'ombe, na wenyeji walikuwa hawajaamua bado kama wawasalimie au wawaogope. Leah alipita na maziwa kwenye dumu. Swaumu alimpa muhogo, Leah akampa maziwa, na katikati ya hapo waliongea. Urafiki wao ulianza hivyo, na haukuhitaji kitu zaidi.

Halafu ikaja ile siku. Ilikuwa kesho yake baada ya ng'ombe wa Leah kuzaa, na Leah alikuwa ameleta dang'a, maziwa yale ya kwanza mazito. Swaumu alikuwa anatwanga kisamvu. Akasikia ngurumo ikitokea upande wa Nachingwea. Ngurumo ikafika kwenye kilima, na mluzi ukaanza.

Aliacha mchi ndani ya kinu. Alipokuja kujitambua, moto ulikuwa unawaka na maji yako jikoni. Alijitukana kimoyomoyo, lakini hakuyaepua. Alijiambia anapika kwa sababu njaa inamuuma. Alijiambia anayekuja si mume wala nani, na mtu akifika mlangoni si lazima umfukuze na njaa. Alijiambia mengi, na mikono ikaendelea na kisamvu.

Mluzi ukakatika. Lori likasimama chini ya mikorosho, konani, palepale pa siku zote. Kona ile haionekani kutoka nyumbani, mikorosho imeshonana. Swaumu akasonga ugali, akaupakua, akaufunika. Akakaa kwenye kigoda akitazama njia. Hakupanda mtu. Alisikia ndege, alisikia mbuzi wa Zuleha, hakusikia hatua. Ugali ukapoa ukaota ngozi juu. Kisha injini ikawaka tena kule chini, ikanguruma, ikapotelea upande wa Narung'ombe.

Kwa hiyo alikuja, Swaumu alifikiri. Alikuja mpaka konani, akasimama, akanusa moshi wangu, akaona sistahili hata salamu, akaondoka. Chakula alikula peke yake jioni, tonge kwa tonge, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Hakumwambia mtu. Jambo hilo lilimkaa kifuani kuliko talaka yenyewe. Talaka angalau ilisemwa mbele ya watu.

Mwezi wa tatu ukatimia. Eda ikaisha, Swaumu akaoga, akavaa kanga mpya aliyoletewa na Moza kutoka Masasi, akatoka kwenda gulioni Ruangwa kama watu wengine. Mikorosho ya juu ilianza kutoa maua. Alikuwa ameshaongea na vijana wa kuja kupulizia salfa, ile dawa ya unga inayokinga maua yasiungue, ndipo Ramadhan alipotokea. Alikuja kwa bodaboda, na alikuja na dai.

Alimwambia Shehe Harithi kwamba vijana hao wasiguse shamba, kwa kuwa shamba ni la kwake na mke ni wake. Alikuwa amemrejea ndani ya eda. Siku fulani, alisema, alikuja na Fuso, akasimama konani, akapanda nyumbani, akamwambia Swaumu nimekurejea, Swaumu akampikia, akala, akaondoka. Mashahidi? Kijiji kizima. Nani hakusikia lori? Nani hakuona moshi?

Na kweli, walisikia. Walipoulizwa mmoja mmoja walisema ndiyo, tulisikia mluzi, lori likasimama kwa Swaumu, jikoni kwake moshi ukatoka. Zuleha alisema alisikia kwa masikio yake mwenyewe, tena alimpigia kaka yake simu jioni ile ile kumlalamikia kwamba amefika kwa mkewe na ameshindwa kumsalimia dada. Hakujua kwamba kwa simu hiyo ndiyo amempa kaka yake kamba ya kumfungia mtu. Ramadhan alikuwa hajui chochote mpaka alipoambiwa na dada yake kwamba yeye alikuja.

Shehe akapanga baraza siku ya Jumamosi, asubuhi, kwenye kibaraza cha msikiti. Swaumu alirudi nyumbani akiwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Anawaambiaje watu? Aseme lori halikuja? Lilikuja, yeye mwenyewe alilisikia. Aseme hakupika? Alipika. Alichokuwa nacho ni kwamba mtu hakupanda njia, na hilo halikuwa na shahidi isipokuwa kuku.

Siku mbili tatu kabla ya Jumamosi alikuwa uani anapepeta mtama, akasikia tena. Ngurumo, kilima, mluzi. Safari hii hakubandika kitu. Alichukua mchi, akafunga upande wa kanga kiunoni, akashuka njia ya konani akiwa na maneno yake yote yamepangwa, ya miaka yote, kuanzia ndoo ya kichwani mpaka ugali uliopoa. Mluzi ukakatika, injini ikazimika mbele yake nyuma ya mikorosho. Akazunguka shina la mwisho.

Hapakuwa na lori. Kulikuwa na kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo vyenye magurudumu kama ya mkokoteni, imesheheni mifuko ya pumba, na mtu mrefu ameinamia kiti cha mbele kilichofunuliwa, mvuke unampiga usoni kama anapika. Alikuwa Shilinde. Nyuma ya mifuko alikaa Leah, mguu mmoja nje, kitenge kimejaa vumbi.

Shilinde alimwona mama wa watu amesimama na mchi. Akaweka kifuniko cha rejeta chini taratibu.

"Shikamoo mama," alisema. "Kama ni ng'ombe wameingia shambani kwako, si wangu. Wangu wako zizini."

"Marahaba. Lori liko wapi?"

"Lori gani?"

"Lililokuwa linapiga mluzi sasa hivi."

Leah akaanza kucheka kule juu ya pumba, akacheka mpaka akajifuta macho. "Ni hii hii, mama Moza. Huyu baba ameiharibu gari. Alikuwa nayo nzuri, inanyamaza kama watu."

Ndipo ikatoka habari yote. Shilinde alikuwa amechoka kudharauliwa barabarani. Alisema huku ukiwapigia watu honi kwa kirikuu wanageuka wanakutazama tu, kama vile umewasalimia, na bodaboda wanakupita wanakucheka. Wakisikia lori, wanaruka mtaroni. Sasa kule Nachingwea kulikuwa na fundi wa kuchomelea, Jeremia, anayewawekea vijana mambo ya milio kwenye pikipiki na Noah zao. Alimkatia kirikuu bomba la moshi, akamwekea bomba nene, na mwisho wa bomba akachomelea kitu kama filimbi ya bati. Injini ikikazana, moshi unapita kwenye filimbi, inapiga mluzi kama lori kubwa linavuta mzigo. Kilichokuwa ndani bado ni injini ndogo chini ya kiti, na ilikuwa inachemka ikipanda kilima kile.

"Na watu wanaruka?" Swaumu aliuliza.

"Wanaruka, mama. Wakiona nimetokea mimi ndiyo wananitukana."

"Na ng'ombe wanaruka," Leah alisema. "Wakimsikia anarudi, wanavunja zizi wanakimbilia porini. Amenunua dawa ya kutawanya mali yake."

Swaumu alikaa kwenye jiwe. Akamuuliza Shilinde aliiweka lini filimbi hiyo. Shilinde akafikiri, akasema ni wiki ile aliyokwenda Nachingwea kununua chumvi ya ng'ombe, Leah akasema ni yule ng'ombe alipozaa, nilikuletea dang'a. Siku ya kwanza kabisa kurudi nayo ikamchemkia hapa hapa, na tangu hapo akawa anapitia njia ya Ruangwa, kilima hiki amekirudia leo tu.

"Nilikaa chini ya mkorosho wako huu mpaka ikapoa," Shilinde alisema. "Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Huko juu kwako kulikuwa kunanukia kisamvu, mama. Nikasema nipande niombe. Nikaona aibu, watu wa huku hawatujui."

Swaumu akainuka kwenye jiwe.

"Ungepanda," alisema. "Chakula kilikuwepo."

Alirudi nyumbani na mchi wake bila kuutumia. Mtu angetarajia afurahi, maana sasa alikuwa na jibu. Lakini jibu lenyewe lilikuwa na mwiba. Wiki zote hizo aliamini Ramadhan alifika mpaka konani akakata shauri asipande. Lilimuuma, ila ndani yake kulikuwa na kitu kidogo, mtu aliyesimama, aliyesita. Kumbe hata konani hakufika. Hakuwa amemkumbuka hata kiasi cha kumdharau.

Alikwenda kwa Shehe Harithi kumweleza. Shehe alisikiliza, akakuna ndevu, akasema tatizo lipo. Yule mfugaji si wa dini yetu, na katika mambo ya ndoa na eda wazee hawatapokea ushahidi wake. Tena watasema umempa muhogo umemnunua.

"Simtaki aseme neno," Swaumu alijibu. "Yeye apite tu barabarani. Masikio ni ya kwenu."

Jumamosi kibaraza kilijaa mapema. Wanaume walikaa kwenye mikeka, wanawake upande wa chini kwenye kivuli cha ukuta. Ramadhan alikuja na koti, kwa bodaboda tena. Mtu mmoja alimtania, tajiri mzima unakuja umefungwa nyuma kama mzigo wa mkaa, Fuso liko wapi? Akajibu kwamba linapakia Nachingwea, kazi ni nyingi, yeye ametangulia.

Alisema dai lake vizuri. Alikuwa mtu wa maneno. Alisimulia alivyopanda njia, alivyomkuta mkewe jikoni, alivyomwambia mama Moza yaliyopita yamepita. Alisema Swaumu alilia kidogo. Swaumu alisikiliza kilio chake kikisimuliwa kama hadithi ya mtu mwingine, akashangaa jinsi kilivyosimuliwa vizuri. Watu wakaulizwa tena, wakasema tulisikia lori, tuliona moshi. Zuleha akasema, sauti ikiwa chini, kwamba alisikia.

Shehe akamgeukia Swaumu. "Siku hiyo ulibandika sufuria?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza kusema moshi ulikuwa wa kuchemsha maji ya kuoga. Wanawake walikuwa wanamtazama, wake za watu, wajane, walioachwa na wasioachwa, wote wakitaka kuona mtu aliyepewa talaka kama alijiheshimu.

"Nilibandika," alisema.

Mnong'ono ukapita kibarazani. Ramadhan akarekebisha koti.

"Ulimpikia nani?"

"Nilimpikia huyu. Nilisikia mluzi nikajua ni yeye, nikasonga ugali, nikaufunika, nikakaa kusubiri. Hakuja. Nimekuwa nikimpikia kwa kusikia tangu Moza hajatembea. Siku hiyo nilipika kama punguani. Lakini hakuja, hakula, na hakusema neno la kunirejea. Kama nina kosa ni la mikono yangu."

Mwanamke mmoja upande wa chini alivuta ushungi akajifunika uso, labda kwa kucheka, labda si kwa kucheka.

Ramadhan akasema mmesikia wenyewe, amekiri kapika. Shehe akafungua mdomo ajibu, na ndipo kwa mbali, upande wa Nachingwea, ikasikika ngurumo.

Watu wote waliisikia. Ikafika kwenye kilima. Mluzi ukaanza, mrefu, mwembamba, ukapanda.

"Si hilo Fuso lako," mzee mmoja alisema. "Umemwachia nani?"

Ramadhan aligeuza shingo. Mtu aliyekuwa makini, na Swaumu alikuwa makini, angeona ameshtuka. Ukweli ni kwamba Fuso lilikuwa juu ya mawe huko Nachingwea tangu mvua za vuli, giaboksi imekufa, kuku wa Sofia wanatagia ndani ya kebini. Mandawa nzima hapakuwa na anayejua. Ramadhan alikuwa anakuja kwa bodaboda na kusema linapakia, na watu walimwamini, kwa kuwa mtu mwenye lori huaminiwa kuliko mtu asiye nalo. Sasa mbele yake lori lilikuwa linakuja lenyewe, mbele ya mashahidi wote. Alikuwa na nafasi ya kusema sijui ni la nani. Lakini kiburi chake kilikuwa kikubwa kuliko akili yake, na kilikuwa hivyo tangu zamani.

"Ni kijana wangu Amri," alisema. "Nilimwambia akimaliza kupakia anifuate."

"Ndilo lile lile la siku ile?" Shehe aliuliza.

"Ndilo. Nina mangapi?"

"Wifi," Swaumu alimwambia Zuleha, "ndiyo sauti ile?"

"Ndiyo yenyewe," Zuleha alisema. "Hata usingizini naijua."

Mluzi ukakatika kileleni. Ngurumo ikateremka, ikajaa barabara, watoto wakakimbilia pembeni, na mwenye baiskeli akaruka mtaroni. Kisha nyuma ya duka la mwisho ikachomoza kirikuu, inadundadunda, Shilinde ameinama kwenye usukani magoti yamegusa masikio, nyuma madumu ya maziwa na Leah ameyakumbatia. Ikapita mbele ya msikiti ikinguruma kama inabeba kijiji. Shilinde, kwa adabu, akapunguza mwendo akawapungia wazee mkono.

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Kikapanda mpaka kwenye mikeka. Mzee aliyeuliza swali alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akasema Amri amerefuka siku hizi. Shehe Harithi hakucheka, ila alikaa ameinamisha kichwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kufikiri.

Zuleha ndiye hakucheka kabisa. Alisimama akamsogelea kaka yake.

"Kaka, mimi nilikupigia simu nikikulaumu hukuja kunisalimia. Kumbe hukuja. Kwa nini hukuniambia tu hukuja?"

Ramadhan alisema kitu kuhusu watu wanaocheza na kazi za watu. Hakumaliza. Shehe akasema dai lilisimama juu ya masikio, na masikio yenyewe wote wameona yalivyo. Mume hana shahidi mwingine. Eda imeisha, mama huyu ni mtu huru, vijana wakapulizie mikorosho kesho. Watu wakainuka wakikung'uta nguo. Wengine walimpa Swaumu mkono. Wanawake wawili walimwambia hongera, na mmoja, yule wa ushungi, alimnong'oneza kwamba hata yeye hupika hivyo.

Bodaboda ya Ramadhan ilikuwa imeshapata abiria mwingine imeondoka. Akabaki ukingoni mwa barabara na koti lake, jua limepanda. Shilinde, aliyekwisha kupita alivyoombwa na Swaumu na sasa anakwenda Nachingwea kwa fundi kuuliza habari ya kuchemka, aligeuza gari akamwambia mzee panda, mbele kuna nafasi ya mtu mmoja. Ramadhan akasita. Halafu akapanda, hakuwa na namna. Mwisho wa kuonekana kwake Mandawa mwaka huo ulikuwa huo, magoti kifuani ndani ya kirikuu, akipanda kilima kwa mluzi ule ule aliokuwa akijia nao enzi zake.

Swaumu alikwenda moja kwa moja shamba la juu. Alipita mkorosho kwa mkorosho, akiinamisha matawi kutazama maua. Alitegemea atasikia kitu moyoni, raha au machozi. Alisikia mgongo unauma. Alikuwa mtu wa makamo mwenye shamba, na kesho salfa itamwingia machoni kama kila mwaka. Alirudi nyumbani alasiri akalala kidogo kwenye mkeka bila kuvua kanga.

Mluzi ulimwamsha. Ulikuwa unapanda kilima. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye sufuria, akauona, akaurudisha mapajani akaushika kwa mkono mwingine. Moto hakuwasha. Mluzi ukakatika, injini ikazimika konani kama kawaida, na baada ya kitambo akasikia sauti ya Leah ikimgombeza mumewe kwamba fundi amekula tena pesa bure.

Kulikuwa na ugali wa jana na kisamvu kidogo. Hakukipasha. Alikifunika kwa sahani, akajitwika, akashuka nacho konani, waliko watu.